YAH: MAJIBU YENU KUHUSU MAHINDI YENYE UKUNGU KWENYE CHAKULA CHA BATA

Kwa Meneja wa Uzalishaji,

Nimepokea majibu ya malalamiko yangu ya kwanza, nayo yamenitia wasiwasi kuliko chakula chenyewe. Mnasema mahindi yaliyoota ukungu yalichekechwa na kupitishwa kwenye joto la mashine, na kwamba kwa kuwa bata waliokufa ni wachache, chakula hakina neno, mkatoa na mfano wa kuku.

Ukungu hufa kwa joto, ndiyo. Sumu ambayo ukungu huo umeiacha haifi. Sumu hiyo, aflatoksini, huvumilia joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selisiasi, na mashine zenu za kutengeneza vidonge vya chakula hazifiki hata nusu yake. Kuchekecha kunasaidia, sikatai, maana punje zilizovunjika ndizo hubeba sumu nyingi. Ila hata punje nzima isiyo na doa huweza kuwa nayo.

Kinachoniudhi hasa ni hiyo hesabu ya mizoga. Bata akila aflatoksini B1, aina kali ya sumu hiyo, ini lake lenyewe ndilo huigeuza kuwa hatari zaidi. Vimeng'enya vya ini, katika kujaribu kuiondoa mwilini, huifanya kemikali kali inayonasa kwenye vinasaba, hasa kwenye guanini, ile herufi G kati ya herufi nne (A, T, G na C) zinazoandika vinasaba. Seli ikigawanyika kabla ya kulitengeneza jeraha hilo, mahali pa G huweza kuandikwa T, na kosa hilo hurithiwa na kila seli itakayotokana nayo. Siku hiyo hafi bata yeyote. Anakula na kuogelea kama kawaida, nanyi mnaandika kwamba chakula ni salama.

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa mashudu ya karanga yenye sumu hii, na ndivyo ilivyogunduliwa. Hao walionekana kwa sababu walikufa. Katika miaka hiyohiyo, samaki aina ya trauti waliofugwa Marekani walikutwa na saratani ya ini iliyotokana na mashudu ya mbegu za pamba. Mizoga ya ghafla isingeonyesha hilo.

Na tafadhali msinijibu tena kwa mfano wa kuku. Kuku huistahimili sumu hii kuliko bata, na lebo yenu imeandikwa bata.

Afisa wenu alichota konzi moja juu ya gunia moja akaondoka. Sumukuvu, yaani sumu hii ya ukungu, haisambai sawasawa: huweza kujazana kona moja ya shehena na kwingine isiwepo kabisa. Kwa hiyo naomba nakala ya vipimo vya maabara vya toleo hilo, maelezo ya sampuli zilichukuliwa sehemu ngapi, na fedha zangu. Toleo lenyewe liondolewe sokoni hadi vipimo vitoke.

Magunia saba yaliyobaki nimeyafunga na kuyaweka mahali pakavu. Njooni mchukue sampuli kila gunia, juu, katikati na chini, nikiwepo.

Mteja wenu,
Mfugaji wa bata