Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya michezo, Tanzania

YAH: VIWANJA VYA SHULE

Mheshimiwa Waziri,

Wiki iliyopita nilipita katika shule niliyosoma, huko Mbulu. Nusu ya kiwanja imezungushiwa ukuta, ndani yake zimejengwa fremu za maduka. Nguzo moja ya goli bado imesimama, imeegemezewa mabati. Watoto walikuwa wanacheza rede barabarani, wakipisha bodaboda.

Kwenye kiwanja kile, mwaka 1988, nilichaguliwa kukimbia UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, nikapanda hadi ngazi ya mkoa. Mkoa wa Arusha wakati huo ulifika mpaka Kiteto. Tulilala darasani, madawati yamesukumwa ukutani, magodoro chini. Jirani yangu alikuwa Mmaasai. Usiku wa kwanza tulitazamana tu, mimi na Kiiraqw changu, yeye na Kimaasai chake. Siku ya tatu tulikuwa tunapokezana kijiti huku tukiitana kwa Kiswahili, nami nimevaa raba zake. Neno Mtanzania nilikuwa nimelikariri darasani. Pale ndipo nilipolielewa.

Mwingereza alipoondoka mwaka 1961 alituachia mipaka, na ndani yake makabila zaidi ya 120. Utaifa tuliujenga wenyewe, na sehemu yake tuliijenga kwa miguu. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico, mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari aliingia uwanjani giza limeshatanda, goti limefungwa bendeji, mshindi wa marathoni amemaliza zaidi ya saa moja kabla. Alisema nchi yake ilimtuma kumaliza mbio.

Lakini ninaloliwaza zaidi ni la mwaka 1976. Miaka miwili nyuma Filbert Bayi, kijana wa Karatu, alikuwa ameongoza mbio za mita 1,500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch, New Zealand, tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand alikuwa wa pili. Dunia ilisubiri wakutane tena kwenye Olimpiki ya Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ikaenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na kwa kuwa New Zealand haikufungiwa, nasi tukasusia Olimpiki. Walker akachukua dhahabu. Nchi ya miaka 15 ilikuwa na kitu cha thamani, ikakubali kukikosa kwa ajili ya ndugu zake. Bayi na Suleiman Nyambui walikuja kupata medali za fedha Moscow mwaka 1980, na hadi leo hatujapata medali nyingine ya Olimpiki.

Najua AFCON ya 2027 inakushughulisha, na ni haki yake. Ila viwanja vikubwa hujazwa na waliokulia kwenye vidogo. Naomba kila kiwanja cha shule ya umma kipimwe na kipewe hati. Pasiwe na mkurugenzi wala kamati ya shule itakayokikata bila kibali chako kwa maandishi. Na shule mpya isisajiliwe kama haina mahali pa watoto kukimbia.

Ukuta wa shule yetu bado haujapigwa plasta. Ukiamua mapema, unabomoleka.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkimbiaji wa zamani wa UMITASHUMTA, Mbulu