Barua kwa Kaka Mbwana juu ya nyumba ya Pangani

Leicester, Uingereza

Kwa kaka yangu mpendwa Mbwana,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Baada ya salamu, sisi huku ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu. Kazi ipo, baridi ipo, watoto wanakua. Tuyaache hayo, kwa kuwa nimekaa kukuandikia kwa jambo moja tu.

Ujumbe wako wa kuomba fedha za kubomoa nyumba ya babu na kusimamisha fremu za maduka nimeupata, pamoja na picha ya yule dalali wa Unguja aliyeweka mkono juu ya nakshi za mlango kana kwamba ameshaulipia. Kilichoniuma si kiasi cha fedha. Kilichoniuma ni kwamba wewe na Baba Mdogo mlikaa kikao, mkapitisha mambo yenu, kisha mkanikumbuka ilipofika zamu ya kumlipa fundi. Shangazi anaishi humo ndani na hakuitwa. Nami nilipouliza, nikajibiwa kwamba watoto wa kike wameshaolewa, hivyo neno la nyumba ni la wanaume. Vyema. Nitakujibu kwa habari za mji huu ninaoishi, na ninakuomba uzisome zote kabla ya kunipigia simu.

Hapa Leicester alizikwa mfalme wao, Richard wa Tatu, aliyeuawa katika vita vya Bosworth mwaka 1485. Kanisa alimozikwa lilikuja kubomolewa, kaburi likapotea, na mwishowe mahali pale pakawa maegesho ya magari ya manispaa. Mwaka 2012 wataalamu wakachimba na kukuta mifupa ya mtu mwenye uti wa mgongo uliopinda. Sasa sikiliza namna walivyohakikisha kwamba ndiye. Walimfuata dada yake, Anne, wakashuka kwa upande wa kike, mama kwa binti, vizazi 17, hadi wakamfikia fundi wa samani mzaliwa wa Kanada anayeitwa Michael Ibsen. Vinasaba ambavyo mtu huvirithi kwa mama peke yake vikalingana. Mfalme mzima, Kaka, ametambuliwa kwa damu ya dada yake! Na mpwa huyo wa mbali ndiye aliyelitengeneza kwa mikono yake jeneza alimozikwa upya mwaka 2015, katika kanisa kuu lililo ng'ambo ya barabara. Pale alipokutwa wamejenga makumbusho na kuweka sakafu ya kioo. Nilisimama nikatazama chini, nikaona jinsi kaburi lilivyokuwa fupi, maana waliomzika walikuwa na haraka na kichwa hakikulala sawasawa. Habari hiyo mfikishie Baba Mdogo taratibu, baada ya swala ya Ijumaa, akiwa ameshiba.

Hatua chache kutoka hapo kuna jengo la Guildhall, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ukumbi wake mkubwa ulijengwa yapata mwaka 1390 na chama cha watu wenye uwezo, ukaja kuwa ofisi ya mji hadi mwaka 1876, na humo humo polisi wa kwanza wa Leicester walikuwa na mahabusu yao. Mji ulipopata ofisi mpya, jengo likachakaa, na wakatokea wa kusema libomolewe. Halikubomolewa. Lilikarabatiwa miaka ya 1920, likafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1926, na kuingia ni bure. Boriti zake za mwaloni zimepinda, zimeingia weusi, nyingine zina nyufa zinazoweza kumeza kidole, na hakuna aliyezinyoosha. Nilikaa kwenye benchi chini yake nikazikumbuka boriti za mikoko za ukumbini kwetu, baraza saa za alasiri, na honi ya pantoni ikitoka Bweni, hata mlinzi akaja kuniuliza kama ninajisikia vibaya.

Usidhani ni majumba ya wakubwa tu wanayoyatunza. Nyumba ya Stratford alimozaliwa Shakespeare ilikuwa ya baba yake, fundi wa glavu. Ilipopigwa mnada mwaka 1847, watu walichangishana pauni 3,000 wakainunua isije ikaangukia mikono mibaya. Na hapa Leicester wamehifadhi hata nguo na kiti cha Daniel Lambert, mlinzi wa gereza aliyefariki mwaka 1809 akiwa na uzito wa kilo 335 hivi. Kiti, Kaka! Sisi tunaotoka katika mji aliponyongwa Abushiri, aliyewapiga vita Wajerumani, mwaka 1889 tunamwachia dalali mlango aliouchongesha babu.

Nami, bila kujisifu, si mtazamaji tu siku hizi. Kuna makumbusho ndogo ambako Jumamosi ninajitolea kuwatembeza wageni, nimepewa beji yenye jina langu, na Waingereza wenyewe huniuliza mimi historia ya mji wao. Mwenzangu wa zamu ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja, aliyefukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na wenzake. Manispaa ya Leicester wakati ule ilitangaza katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije hapa. Walikuja. Leo yeye ndiye anayefungua mlango asubuhi, na tunasalimiana kwa Kiswahili mbele ya wageni.

Kwa hiyo fedha za kubomoa sitatuma, hata shilingi. Nitatuma za paa, kwa masharti. Kwanza, mirathi ipelekwe kwa kadhi, kila mrithi atajwe kwa fungu lake, na Shangazi akae humo bila kubughudhiwa. Pili, mlango usitoke kwenye bawaba zake, na dalali arudishiwe kishika uchumba chake kama mlikwisha kukipokea, jambo ambalo ninalishuku kwa jinsi ulivyokwepa swali langu. Tatu, fundi apime kenchi na mabati aniandikie hesabu yeye mwenyewe, isipitie kwako. Ukuta wa nje umebanduka, ninaujua, lakini asiupige saruji: nyumba ile ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na saruji hufungia unyevu ndani hadi ukuta unamomonyoka. Atafute chokaa, hata kama itabidi aifuate Tanga.

Fremu mkizitaka, uwanja wa nyuma unatosha mbili, na hilo nipo tayari kulizungumza Shangazi akiwapo kwenye simu.

Nisalimie Wifi, watoto, na Baba Mdogo pia.

Mdogo wako,
Mwanahawa