Bosi anasema sijui kupanga muda

Shangazi, shikamoo. Unisamehe nikirukaruka, maana ni saa tisa usiku na usingizi umenikataa tangu nilipopanda kitandani. Nimeona bora niandike kuliko kukodolea dari macho huku mwenzangu anakoroma.

Nianze na ile semina. Hizi semina za ofisini unazijua. Tukaitwa wote ukumbini, kazi tukaziacha mezani, akaja mwezeshaji na projekta yake, mada ni kukabiliana na msongo wa mawazo kazini. Sikufichi, nilifurahi. Nikasema moyoni, angalau wameona. Na mwezeshaji hakuwa na ubaya, mama wa watu mtaratibu, akatueleza vizuri kwamba mwili ukihisi hatari unamwaga homoni, adrenalini na kotisoli, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, ili mtu awe tayari kupambana au kukimbia. Sasa wewe uko kwenye kiti mbele ya kompyuta, kupambana huwezi, kukimbia huwezi, na hatari yenyewe kesho utaikuta palepale. Nilitikisa kichwa kukubali mpaka shingo ikauma. Ndipo bosi wangu akainua mkono, hata muda wa maswali haujafika, akasema: "Mimi naona kwa baadhi ya watu hapa tatizo si stresi. Tatizo ni kupanga muda."

Hakutaja jina, na hakuwa na haja ya kutaja. Watu wawili watatu waligeuka kunitazama, mmoja akaguna kicheko.

Mimi, Shangazi! Mimi ndiye nisiyejua kupanga muda!

Mwenzangu wa meza ya pili alipoacha kazi, mafaili yake yaliletwa kwangu siku hiyohiyo. Nikaambiwa shikilia kidogo, tunatafuta mtu. Hiyo kidogo imevuka mwaka wa fedha. Nakaimu nafasi ambayo sina barua ya kukaimu wala posho ya kukaimu, na nikiuliza naambiwa mchakato unaendelea. Ripoti zangu na ripoti zake zote zinatakiwa mwisho wa mwezi, tarehe ileile, na anayezitaka ni mtu yuleyule. Huo muda ningeupangaje? Siku ina saa 24 hata kwa bosi. Mimi si mvivu, na wala si mtu wa kulalamika, uliza yeyote pale. Nimelelewa kwamba kazi ukipewa unaifanya kwanza, maneno baadaye.

Sasa sikia kilichofuata siku ileile. Tukaambiwa tufumbe macho, mkono mmoja tumboni, tuvute pumzi taratibu kwa pua, tuitoe taratibu zaidi kwa mdomo. Ukumbi mzima kimya. Simu yangu ikatetemeka mfukoni. Nikavumilia. Ikatetemeka tena. Nikafumbua jicho moja nikaichungulia chini ya meza, nikakuta ni bosi. Amekaa viti viwili kutoka kwangu, macho yake yote mawili yako wazi, anaandika: "Ile ripoti ya robo mwaka naihitaji leo kabla hujatoka." Mwezeshaji anasema toeni pumzi, na mimi pumzi ya kutoa sina. Meseji hiyo ninayo mpaka leo, sijaifuta, sijui naitunzia nini.

Ripoti aliipata jioni hiyohiyo, uelewe hivyo. Haikuwa na kosa hata moja. Asante hakusema.

Kitu kingine kutoka kwenye semina, ndicho ninachokizungusha kichwani kila usiku. Yule mama alitueleza kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuweka uchovu wa kazi uliokithiri kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lakini halikuuita ugonjwa. Liliuita hali inayotokana na kazi, yaani msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukushughulikiwa ipasavyo. Nilisikiliza kwa makini sana. Sikusikia popote pameandikwa watu wasiojua kupanga muda. Dalili zake alizitaja tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na ufanisi kushuka. Mimi ninazo mbili. Ya tatu sina, ingawa siku hizi naweza kusoma mstari mmoja, nikaurudia, nikaurudia tena, na bado sijui umesema nini. Hiyo nadhani ni usingizi tu.

Kulikuwa na mchoro pia wa visanduku vinne, wa mtafiti anaitwa Robert Karasek, wa mwaka 1979. Kwamba kinachomvunja mtu zaidi si wingi wa kazi peke yake, ni kazi nyingi ambayo huna kauli juu yake. Nilijiona niko ndani ya kile kisanduku nimekaa kabisa. Wakati mchoro uko ukutani bosi alikuwa ametoka nje kupokea simu, kwa hiyo hakuuona, na hata angeuona angesema unawahusu watu wengine.

Basi. Aliyenishtua kwanza alikuwa daktari wa meno. Nilienda kwa ajili ya jino, akaangalia, akaniuliza kama nasaga meno usingizini, maana yamelika juu. Nikamwambia mimi nijuaje, nimelala. Akaniuliza tena kazini kukoje. Nikashindwa kujibu, machozi yakaanza kunitoka mdomo ukiwa wazi na taa yake imenimulika. Aibu iliyoje! Akanishauri nimwone daktari wa kawaida. Huyo naye akapima presha, akapima tena nikiwa nimetulia, akaniuliza nalala saa ngapi na naamka saa ngapi, halafu akavuta karatasi akaandika. Likizo ya ugonjwa, wiki mbili, kuanzia Jumatatu hii inayokuja. Akasema dawa ya usingizi hataki kuanza nayo, kwanza nitoke kwenye kile kinachoninyima usingizi, tutaonana baada ya hapo.

Karatasi iko kwenye mkoba, kwenye mfuko wa zipu. Ofisini sijampa mtu. Nyumbani baba watoto hajui kama ipo.

Najua utaniuliza kwa nini. Nikiipeleka, si nitakuwa nimemthibitishia maneno yake? Atasema mnaona, nilisema mimi, ameshindwa kujipanga mpaka ameugua. Na yule aliyeguna ataguna tena. Halafu kuna fununu kwamba nafasi ninayoikaimu itatangazwa karibuni. Nisipokuwepo wiki hizo mbili watampa mtu mwingine, na huyo mtu atakuta kila kitu kimepangwa, kwa mikono yangu, mimi nisiyejua kupanga. Siyo kwamba naitaka hiyo nafasi. Siitaki kabisa, hata nikiletewa kwenye sinia. Ila nataka waniletee, halafu nikatae mwenyewe.

Kuna kijana wa idara yetu, mtoto mwenye adabu, alikuja wiki iliyopita akasema dada nipe hata faili mbili nikusaidie. Nikamwambia asante, nitamaliza. Usinielewe vibaya. Kumweleza tu zilipofikia kungenichukua muda kuliko kuzifanya, na akikosea atakayeulizwa ni mimi. Mume wangu anasema hapo ndipo ninapojiumiza. Nilimkatalia nikamnunia siku nzima, maana na yeye nilihisi anataka kuniambia kupanga muda, ila kwa maneno laini. Kabla ya hapo alishasema niache kazi, tutajibana, hatutakufa. Akisema niache nakasirika. Akinyamaza nakasirika pia, kwamba haoni ninavyoteseka. Maskini hajui ashike lipi. Hili la mume si tatizo, usilijibu.

Jana usiku, badala ya kulala, nilisoma kwenye simu, jambo ambalo yule mama wa semina alilikataza. Nikakuta Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa matokeo yao mwaka 2021, kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, ukimlinganisha na wa saa 35 hadi 40, hatari yake ya kupata kiharusi iko juu kwa asilimia 35 hivi, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo asilimia 17. Nikaanza kuhesabu saa zangu, nikaongeza na zile za meseji za usiku, nikaacha katikati. Sikutaka kuona jumla. Nikawaza tu, kama ni punda afe mzigo ufike, basi kwetu mzigo unafika vizuri sana, na kwa wakati.

Wenzangu wananishauri niende kwa mtu wa rasilimali watu. Huyo ndiye aliyeandaa semina. Na ndiye anayesema mchakato unaendelea. Wengine wananiambia niyaandike yote kwa barua pepe: kazi zipi ni zangu, zipi ni za aliyeondoka, nimwombe bosi achague ipi ianze na ipi isubiri, jibu lake nilitunze. Hilo nimelifikiria. Barua yenyewe nimeshaiandika, iko kwenye rasimu, kila nikiifungua naongeza aya kuhusu semina, halafu naifuta, halafu naiongeza tena. Bila ile aya naona kama nimekubali alichosema. Nikiiacha ibaki humo, inakuwa barua ya ugomvi.

Shangazi, kinachonikera ni kwamba mbele ya watu wote alikuwa na nafasi ya kusema huyu dada amebeba watu wawili. Maneno machache tu. Nadhani ningebeba mwaka mwingine. Sijui. Labda nisingebeba.

Kwa hiyo naomba uniambie: hii karatasi ya daktari niitoe, au niende Jumatatu kama kawaida nimalize ripoti za mwisho wa mwezi kwanza, kisha nirudi kwa daktari nimwombe abadilishe tarehe? Na kama naitoa, ile barua pepe niitume kabla sijaondoka au nikirudi? Usiniambie nipumzike, hilo nimeshaambiwa na kila mtu. Usiniambie pia nikae naye tuzungumze kiutu uzima, nimejaribu, akatazama saa yake.

Ukichapisha, toa sehemu ya daktari wa meno, pale ofisini kuna wanaokusoma. Ila maneno ya bosi yaache kama alivyoyasema, usipunguze hata neno. Na kama inawezekana unijibu kabla ya Jumatatu.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi.