Barua kwa vijana wa kompyuta wa Ngamiani: ofisi isubiri

Wanangu, assalaam aleykum.

Nimesikia mnachangishana fedha za kupanga ofisi mjini, yenye kiyoyozi na kibao cha kampuni mlangoni. Kwa kuwa nawapenda nasema hadharani: hiyo kodi isubiri.

Tarehe 1 Aprili 1972, huko Ujerumani, watu watano waliotoka kampuni ya kompyuta ya IBM walianzisha kampuni ya programu inayoitwa leo SAP: Dietmar Hopp, Hasso Plattner, Klaus Tschira, Claus Wellenreuther na Hans-Werner Hector. Kompyuta yao wenyewe hawakuwa nayo. Mteja wao wa kwanza alikuwa kiwanda cha nailoni cha kampuni ya ICI, mji mdogo wa Östringen, nao wakahamia kwake. Walitumia mashine yake, mara nyingi usiku na mwisho wa juma, ikiwa haina kazi. Nailoni, wanangu! Nyuzi za viwandani ndizo zilizokuja kuuangusha mkonge wetu, nami mkonge ndio ulionilea.

Wakati ule hesabu zilitobolewa kwenye kadi, kadi zikalundikwa, mashine ikazisoma zote kwa mkupuo, majibu yakaja baadaye. Wale watano walitaka karani aingize tarakimu kwenye skrini na hesabu ibadilike papo hapo.

Hilo "papo hapo" lanigusa. Nilikuwa karani wa mishahara kwenye shamba la mkonge. Mwezi mmoja niliruka mstari nikijumlisha, na mkata mkonge mmoja akapokea pungufu. Alisimama dirishani pangu, kipande chake, ile kadi ya siku za kazi, kimekunjwa mara nne, akanionyesha siku alizofanya kazi, moja baada ya nyingine, kwa ncha ya kidole. Haki ilikuwa yake. Alirudishiwa fedha zake baada ya wiki tatu, na wiki tatu hizo watoto wake walikula kwa kukopa.

Programu za mishahara na mahesabu walizozianzia kwenye kiwanda kimoja ziliwapeleka kwa wateja wengine. Mwaka wa kwanza ulipoisha walikuwa na wafanyakazi 9 na mapato ya marki 620,000, fedha ya Ujerumani ya wakati ule. Kompyuta yao wenyewe waliipata mwishoni mwa miaka ya 1970.

Sisi, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo likadumu miaka mingi. Rika langu lilizeeka na kalamu na karatasi ya kaboni. Nyinyi mna laptopu kwapani. Mnachokosa ni mteja wa kukaa naye.

Nimeshamwombea ruhusa rafiki yangu mwenye duka la jumla karibu na Soko la Mgandini. Daftari lake la madeni limeandikwa "mama maandazi", "baiskeli nyekundu", "mdogo wake fundi". Anawajua wote, na mwanawe hamjui hata mmoja. Wiki ya kwanza laptopu ziacheni nyumbani. Kaeni nyuma ya kaunta, mtazame anavyoandika, anavyofuta, na anavyomsamehe mtu shilingi mia mbili bila kuiandika popote.

Jumamosi baada ya Alasiri nitakuwa barazani kwake. Njooni wawili tu, duka ni dogo.

Mzee wenu, Tanga