MAGAZIJUTO isifundishwe nusunusu

Mhariri,

Nimefundisha hisabati shule ya msingi kwa miaka mingi, na ile hesabu ya 8÷2(2+2), iliyozua ubishi duniani mwaka 2019, bado inanikera. Wapo wanaopata 16, wapo wanaopata 1, na wote wana hoja, kwa sababu aliyeiandika alibania mabano. Angeandika (8÷2)(2+2) au 8÷[2(2+2)], ubishi ungekwisha.

Linaloniuma zaidi ni 10−4+3. Hapa jibu ni moja tu, 9. Lakini mtoto aliyekariri MAGAZIJUTO (mpangilio wa Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) huanza na JU, yaani 4+3, akapata 3, akakosa alama. Walimu wenzangu, tuwaeleze watoto waziwazi: kugawanya na kuzidisha vina hadhi sawa, vivyo hivyo kujumlisha na kutoa. Hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro