Chipu iliyofungwa haijafa, msiitupe

Bwana Mhariri,

Hapa Bukavu, chipu ndogo za miguu 8 zinazoandikiwa programu, kama ATtiny85 na ATtiny13, hutupwa mara tu zinapokataa kujibu. Inatuuma, kwa sababu si zote zimeungua. Mara nyingine kosa ni la biti za fyuzi, yaani mipangilio ya ndani inayoiambia chipu ifanye kazi vipi: mtu alitaka mguu mmoja zaidi wa kazi, akaizima RESET (mguu wa 1, wa kuianzisha chipu upya) kwa fyuzi ya RSTDISBL, na papo hapo njia ya kawaida ya kuiandikia ikafungwa. Njia ya kuiandikia kwa volti 12 kwenye mguu huo bado iko wazi.

Fundi ahakikishe kwanza tatizo ni hilo. Chipu iliyoambiwa isubiri saa ya nje, yaani mapigo ya kuiendesha yanayotoka nje yake, nayo hunyamaza, lakini hiyo huamka ukiipa mapigo ya megahezi 1 kutoka Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) kwenye mguu wa 2. Iliyowekewa saa ya kilohezi 128 inataka tu kuandikiwa polepole, chini ya robo ya kasi hiyo.

Kama imefungwa kweli, tengenezeni kifaa wenyewe. Vinatosha Arduino Uno moja, transista moja ya BC547, rezistansi 6 za omu 1,000 na moja ya omu 10,000. Rezistansi 4 zipite kati ya Arduino na miguu ya 2, 5, 6 na 7 ya chipu. Mguu wa 8 upewe volti 5 na pini ya Arduino, si na chaja, maana programu lazima iweze kuuwasha na kuuzima. Mguu wa 4 ni hasi. Rezistansi ya 5 itoke volti 12 hadi mguu wa 1, na kolekta ya transista iungwe hapo hapo. Emita iende hasi. Ya 6 itoke pini ya Arduino hadi beizi. Hasi ya volti 12 na ya Arduino ziunganishwe, la sivyo hakuna kitakachofanya kazi.

Ile ya omu 10,000 wengi huiacha. Iungwe kati ya volti 5 na pini ya Arduino inayoongoza transista. Bila hiyo, Arduino inapowaka pini zake huelea, transista hulala, na volti 12 huingia kwenye chipu kabla ya wakati. Kwa sababu hiyo pia msitumie pini ya 13, kwani hupepesa taa kila Arduino inapoanza.

Volti 12 zenyewe zipimwe kwa multimita: ziwe kati ya 11.5 na 12.5. Zikipita 13 chipu inaweza kufa kweli. Betri ya sola inayochajiwa hupanda hadi zaidi ya 14, na chaja ya zamani ya transfoma isiyo na mzigo hufika 16. Moduli ndogo ya MT3608 inayopandisha volti 5 za USB ndiyo salama zaidi, ila skrubu yake irekebishwe kabla ya kuunganisha.

Programu ya Arduino ishushe miguu ya 5, 6 na 7 hadi volti 0, iwashe volti 5, isubiri maikrosekunde 20 hadi 60, kisha iruhusu volti 12. Baada ya maikrosekunde 10 iuachie mguu wa 7, kwa kuwa chipu itajibu kupitia huo. Isubiri maikrosekunde 300 kabla ya amri ya kwanza. Isome namba ya utambulisho wa chipu: 1E 93 0B ni ATtiny85, 1E 90 07 ni ATtiny13. Sufuri au FF tupu mara nyingi ni waya uliolegea. Kisha iandike fyuzi za kiwandani: 0x62 na 0xDF kwa ATtiny85, 0x6A na 0xFF kwa ATtiny13.

ATmega328P haifufuliwi kwa kifaa hiki. Inataka waya 8 za data na nyingine za kuongoza.

Na chipu yenye biti za kufuli, zinazolinda programu yake, haikubali fyuzi mpya mpaka ifutwe yote. Programu iliyokuwa ndani hairudi. Mwenye mali aambiwe hivyo kabla fundi hajagusa kitu.

Mafundi wa elektroniki,
Kadutu, Bukavu