Kwa mwanangu Neema, kabla hujaenda kukusanya mimea

Mwanangu mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Mimi na mama yako hatujambo, na tumefurahi mno kusikia kwamba utafuatana na wataalamu wa mimea huko milimani.

Kabla hujaondoka, napenda nikusimulie habari za David Douglas, Mskoti aliyeanza kama kijana wa bustani, kisha mwaka 1824 akatumwa na chama cha bustani cha London kukusanya mimea katika bonde la mto Columbia, magharibi mwa Amerika Kaskazini.

Mwaka 1825 aliona kwa wenyeji, ndani ya vifuko vyao vya tumbaku, mbegu kubwa za msonobari asioujua, ambazo wao walizitafuna kama sisi tutafunavyo korosho. Mbegu hizo hazikumtoka akilini. Oktoba 1826, karibu na mto Umpqua, alikutana na mwenyeji mmoja, akamchorea tunda la mti ule, na yule bwana akanyoosha mkono kuelekea milima ya kusini, kisha akafuatana naye. Huko Douglas aliukuta mmoja umeanguka, akaupima: urefu futi 215, na mzingo wa shina futi 57 na inchi 9. Matunda yalining'inia kwenye ncha za matawi, juu mno, hata ikambidi ayaangushe kwa risasi. Mlio ukawaleta watu wanane wenye pinde na mikuki. Aliwaahidi tumbaku wakimtafutia matunda zaidi, na walipotawanyika akachukua matunda matatu na vitawi vichache akakimbia.

Wengi humsifu kwa ushujaa huo, nao ulikuwa ushujaa kweli, maana kazi hiyo ilikuwa ya hatari: alifariki Hawaii mwaka 1834, akiwa na miaka 35, ndani ya shimo la kunasia ng'ombe mwitu. Lakini mimi humfikiria zaidi yule aliyemwonyesha njia. Mti ulipewa jina la Lambert, Mwingereza aliyeandika juu ya misonobari. Yule mwenyeji, Douglas hakumtaja hata kwa jina.

Kwa hiyo, mwanangu, jioni unapobadilisha karatasi za kukaushia ili sampuli zisiote ukungu, andika kwenye kila lebo, pamoja na mahali na tarehe, jina la aliyekuonyesha mmea, kijiji chake, na jinsi wanavyoutumia, kama ameridhia. Wasimamizi wakisema nafasi haitoshi, waombe kwa adabu lebo kubwa zaidi.

Akupendaye,
Baba yako